Nataka kuchunguza wanyama wa ncha za dunia: kazi yenyewe ikoje?

Chipukizi:

Habari zenu wakuu. Nimemaliza shahada ya kwanza ya biolojia mwaka jana, na tangu nikiwa mdogo hamu yangu ni moja, kuchunguza wanyama wanaoishi kwenye barafu. Sili nawapenda, dubu weupe nawapenda, ila pengwini ndio walioniteka. Kila nikipata nafasi nasoma habari zao. Shida ni kwamba karibu kila ninachosoma kinamweleza mnyama. Sijapata anayemweleza yule mtu aliyeshika darubini: anaamka saa ngapi, anafanya nini siku upepo ukikataa kutulia.

Naombeni mnisaidie. Nisome nini baada ya hapa? Huko barafuni mtafiti hukaa muda gani, na miezi mingine hufanya nini? Halafu kuna hili linaloninyima usingizi: mtu anayewapenda wanyama anawezaje kuwakamata, kuwavalisha vyuma na kuwachoma sindano? Niliona picha ya pengwini mwenye pete ya chuma kwenye bawa, ikaniuma. Sijui kama nina moyo wa kazi hii.

Nyumbani wananiambia nitafute kazi ya maabara nitulie. Sijawahi hata kugusa theluji. Mwenye uzoefu anijibu ukweli, hata kama ni mchungu.

Mchambuzi:

Karibu sana mdogo wetu. Mimi barafuni sijafika, data za huko ndizo zinazonifikia, kwa hiyo nitajibu la kwanza tu: soma takwimu. Soma hasa. Ukiwawekea alama wanyama 100, mwaka unaofuata ukawaona 60, wale 40 wamekufa, wamehama, au wapo na hukuwaona? Kujibu swali hilo kwa hesabu ndiyo nusu ya zoolojia ya leo. Jifunze R, lugha ya kompyuta ya kufanyia takwimu, mpaka uache kuiogopa, halafu ongeza na usomaji wa picha za setilaiti. Katika maombi ya wanafunzi wa uzamili yanayopita mikononi mwangu, wanaowapenda pengwini ni wengi mno. Wanaoweza kulijibu swali hilo ni wachache, na hao ndio wanaogombewa na wasimamizi.

Mhesabu Viota:

Mdogo wangu, nimesoma swali lako mara mbili kabla ya kujibu, maana hilo la mwisho ndilo lililotaka kunitoa kwenye kazi hii. Nitalifikia. Nianze na maisha yenyewe.

Nimekwenda Antaktika misimu 7 ya kiangazi. Kabla ya hapo nilikaa miezi 13 kwenye kisiwa kimoja cha bahari ya kusini nikiwa msaidizi wa fildi, yaani wa kazi za nje. Kazi yangu ilikuwa kutembea fukwe zilezile kila wiki, nikisoma namba za vibandiko kwenye mapezi ya nyuma ya sili-tembo. Hapo ndipo nilipojua kwamba kazi hii naiweza, kwa sababu ilipofika wiki ya 30 bado nilikuwa natembea haraka nikitaka kujua kama yule jike wa ufuko wa tatu amerudi.

Sasa nahesabu pengwini wa Adélie. Ni ndege wa kilo 4 au 5, ana duara jeupe kuzunguka jicho, na ujasiri wake umezidi umbo lake. Hutaga mayai 2 kwenye kiota cha kokoto. Kuhesabu hufanyika siku chache tu, mwishoni mwa Novemba hadi mwanzoni mwa Desemba. Wakati huo mmoja anaatamia na mwenzake yuko baharini anakula, kwa hiyo kila ndege aliyelala ni kiota kimoja, ni jozi moja. Ukiwahi mno, wote wawili wapo na utahesabu mara mbili. Ukichelewa, walioharibikiwa mayai wameshaondoka na hutajua kamwe kwamba walikuwepo. Tunahesabu watu watatu, kila mmoja na kihesabio chake cha kubofya ndani ya glavu, na hatuambiani namba mpaka wote tumalize. Zikipishana sana tunaanza upya, hata kama vidole vimekufa ganzi.

Jua halizami, kwa hiyo saa ya kuamka huamuliwa na upepo. Kuna wakati siku 4 mfululizo mko ndani ya hema mkisikiliza turubai likipigwa, na kuna siku unafanya kazi saa 18 kwa sababu kumetulia na hujui kesho. Unaandika kwa penseli kwani wino huganda. Betri zinalala nawe ndani ya mfuko wa kulalia, la sivyo asubuhi zimekufa. Na harufu! Hakuna aliyenitahadharisha. Kinyesi cha pengwini hugeuka chekundu kwa sababu ya krili, wale uduvi wa baharini wanaowala, na kinaingia kwenye nywele, kwenye daftari, kila mahali. Ukifungua sanduku la vifaa miezi 6 baadaye, bado kimo.

Msimu mmoja theluji ilianguka kwa wingi wakati wa kuatamia, kisha ikayeyuka. Nilimtazama dume mmoja aliyejenga kwenye kibonde, maji yamemfika tumboni, mayai yote mawili yamezama chini yake na bado ameyalalia. Kila akipata mwanya aliinuka, akanyakua kokoto kwa jirani, akairudisha na kuiweka ukingoni, kisha akajilaza tena kwenye maji. Alifanya hivyo siku 2. Mayai yakishalowekwa kwenye maji ya barafu kiasi hicho hayaanguliwi tena. Mimi nilijua, yeye hakujua. Nikaandika: kiota 212, kimeshindikana.

Upande wa magharibi wa Rasi ya Antaktika, hewa iliyopata joto hubeba unyevu mwingi zaidi, na unyevu huo hushuka kama theluji. Kwa hiyo kile kibonde si mkosi wa ndege mmoja tu. Lakini huwezi kulisema hilo kwa kuangalia msimu mmoja, na hapo ndipo ulipo uzito wote wa kazi yetu: kurudi palepale, kuhesabu vilevile, mwaka baada ya mwaka. Sili wa Weddell wa Ghuba ya Erebus wamekuwa wakiwekewa alama na kufuatiliwa tangu 1968. Waliozianza hesabu hizo walishaziachia mikono ya wengine, nao wakawaachia wengine. Ukiingia kazi hii unapokea kitu kilichoanza kabla yako, na daftari lako ataliendeleza mtu ambaye huenda hajazaliwa.

Miezi 2 au 3 uko barafuni, iliyobaki uko mezani: kusafisha data, kuandika makala, kuomba fedha, kuomba kibali. Kibali si karatasi ya kupita tu. Mkataba wa Antaktika ulitiwa saini 1959, na Itifaki ya Madrid ya 1991 ndiyo inayolinda mazingira yake, kwa hiyo kumshika pengwini bila ruhusa ni kosa. Kwa itifaki hiyohiyo hata mbwa wa kuvuta sleji waliondolewa barani humo, wa mwisho mwaka 1994. Kabla ya kupanda meli tunageuza mifuko ya makoti nje na kuivuta kwa mashine ya vumbi, tusije tukabeba mbegu ya nyasi, na buti tunazichovya kwenye dawa. Tangu mafua ya ndege ya H5N1 yafike South Georgia, kisiwa cha bahari ya kusini, mwaka 2023 na bara lenyewe mwaka 2024, tahadhari zimekuwa kali zaidi. Nimewahi kusimama mbali nikitazama skua, ndege wa baharini anayekula makinda ya pengwini, aliyelala kifudifudi na mabawa wazi, nikaandika mahali alipo, nikageuka.

Sasa swali lako. Ile pete iliyokuuma, ilikuuma kwa haki. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya watafiti waliowafuatilia pengwini wafalme 100 wa visiwa vya Crozet kwa miaka 10, nusu wakiwa na pete na nusu bila. Wenye pete walizaa makinda pungufu kwa 39%, na kiwango chao cha kuishi kilikuwa chini kwa 16%. Pete inaburuta majini, ndege anachoka, anachelewa. Yaani kwa miaka mingi tulikuwa tunawaumiza ndege, na juu ya hapo tunajidanganya, maana tuliowapima hawakuwa sawa na wenzao.

Mimi mwenyewe nina wa kwangu. Msimu wangu wa pili nilimbandika jike mmoja mgongoni, kwa utepe, kinasa cha kupima kina anachozamia. Kinatakiwa kikae chini, karibu na mkia, maji yapite bila kukwama. Nilikuwa na haraka, upepo unapanda, nikakiweka juu mno. Alikuwa na makinda 2 ya siku 10 hivi. Safari ya kutafuta chakula ambayo wenzake waliimaliza kwa siku moja au mbili, yeye ilimchukua 5. Asubuhi ya siku ya tano dume wake, aliyekuwa amekonda waziwazi, aliinuka, akazunguka kiota mara moja, akashuka baharini. Skua walikuwa wanasubiri. Jike alirudi jioni ileile na tumbo limejaa krili, akasimama pale akiita. Nilikitoa kile kinasa mikono ikinitetemeka. Data zake nilipozifungua niliona mbizi nyingi kuliko za mwingine yeyote, na fupi. Alikuwa anajitahidi kupita kiasi kwa sababu yangu.

Nilimwambia msimamizi wangu kwamba naacha. Akanijibu, kama utaacha, kwanza andika kila ulichokosea ili anayekuja asikirudie. Nikakaa kuandika, na kuandika huko ndiko kulikonibakiza. Tangu siku hiyo, kabla sijamgusa ndege, najiuliza atanieleza nini ambacho siwezi kukijua bila kumgusa. Mara nyingi jibu ni hakuna. Siku hizi wengi tunawatambua kwa chipu ndogo kama punje ya mchele chini ya ngozi, na kuna mazalia yaliyowekewa mizani njiani, ndege anapita kwenda baharini na uzito wake unaandikwa bila mtu kuwepo. Pengwini wakuu, wale wakubwa kuliko wote, huonekana hadi kutoka angani: mwaka 2009 watafiti walitumia madoa ya kinyesi kwenye picha za setilaiti kutafuta mazalia yao, wakagundua mapya 10. Na ni setilaiti hizohizo zilizotuonyesha mwaka 2022 kwamba kwenye Bahari ya Bellingshausen barafu ilivunjika kabla makinda hayajaota manyoya ya kuogelea, na mazalia 4 kati ya 5 yaliyokuwa yakifuatiliwa yakapoteza makinda yote. Picha hizo nilizitazama usiku mmoja na sikulala.

Lakini yapo ambayo hutayajua bila kumkaribia mnyama. Miaka ya 1960 Gerald Kooyman alitengeneza kifaa cha kupima kina kwa kutumia saa ya jikoni ya kuhesabu dakika, akawafungia sili wa Weddell, na ndipo tukaanza kufahamu wanavyozamia. Leo tunajua wanaweza kupita mita 600 na kukaa chini zaidi ya saa nzima. Sili-tembo wanabandikwa vipima joto na chumvi kwenye manyoya ya kichwa. Wakibadilisha manyoya kifaa kinadondoka, na kabla ya hapo kimeshatuma habari za bahari iliyo chini ya barafu ya majira ya baridi, mahali ambapo meli haifiki. Huko nakubali kugusa. Moyo unaouliza kama una haki ya kugusa ndio unaotakiwa kazini, mdogo wangu. Mwenzangu asiyejiuliza hilo simpi kinasa.

Kuhusu njia ya kuingia: usianze kwa kuomba uzamivu. Tafuta nafasi za wasaidizi wa fildi. Kisiwa cha Bird huko South Georgia, taasisi ya Uingereza huajiri wasaidizi wa zoolojia wanaokaa hadi majira ya baridi yapite. Kisiwa cha Marion, kilicho chini ya Afrika Kusini, hupokea kila mwaka timu ya kukaa mwaka mzima na zaidi, na hesabu ya sili-tembo huko inaendelea tangu 1983. Wanaangalia kama umewahi kuishi na watu wachache mahali pagumu bila kugombana, kama unaweza kushona hema, kama ulishika ndege wowote, hata wa bwawani. Theluji utaigusa ukifika. Jiunge pia na APECS, chama cha watafiti chipukizi wa maeneo ya ncha. Huko nafasi hutangazwa mapema.

Mfuata Nyayo:

Dada amesema mengi, mimi niongeze ya upande wa pili, kwa kuwa umetaja dubu na pengwini pamoja. Hutawapata pamoja. Dubu weupe wako kaskazini tu, pengwini unaowataka wako kusini, na maisha ya mtafiti hayafanani kabisa. Kusini mnyama hakuogopi na nchi kavu hakuna wa kukuwinda. Kaskazini, visiwa vya Svalbard vya Norwei kwa mfano, hutoki nje ya makazi bila silaha na vifaa vya kumfukuza dubu, na wanafunzi wa chuo cha Longyearbyen, mji wa huko, hufundishwa bunduki kabla ya kupelekwa fildi.

Nimefanya kazi ya dubu miaka 11. Tunatoka na helikopta mwezi Machi na Aprili, tunafuata nyayo kwenye theluji, tunamrushia sindano ya usingizi. Akilala, rubani anazima injini na ghafla kunakuwa kimya kiasi kwamba unasikia pumzi yake. Mimi huwa upande wa kichwa. Macho yanabaki wazi kwa sababu dawa inazuia kope, kwa hiyo napaka marhamu na kuyafunika kwa kitambaa. Wengine wanapitisha kamba kifuani kumpima mzunguko, wanachukua kipande kidogo cha mafuta ya mwili kujua alikula nini na ana sumu gani, na kijino kimoja kidogo kisicho na kazi, ambacho mistari yake huhesabiwa kama miduara ya mti ili kupata umri. Kola tunamvalisha jike tu. Dume shingo yake ni pana kuliko kichwa, kola inateleza na kuanguka.

Nilichojifunza zaidi sikukipata chuoni. Mwindaji mmoja wa Inuit, wenyeji wa Aktiki, mzee, alinifundisha kusikiliza barafu kwa fimbo kabla ya kuikanyaga, na ndiye aliyeniambia majike wanahamia wapi kutafuta mapango ya kuzalia miaka kadhaa kabla kola zetu hazijaonyesha. Ukienda Aktiki, nenda ukijua kwamba kuna wenyeji, na kwamba wewe ndiye mgeni anayefundishwa.

Ukweli mchungu uliouomba: dubu wa magharibi mwa Ghuba ya Hudson, huko Kanada, walikadiriwa 842 mwaka 2016, na 618 mwaka 2021. Barafu inavunjika mapema, wanakaa nchi kavu bila kuwinda sili kwa muda mrefu kuliko zamani. Utapima wanyama uliowapima mwaka juzi na kuwakuta wamepungua uzito. Na utakuwa mbali. Mama yangu alilazwa nikiwa kambini, ndege ikashindwa kuruka siku 6 kwa ukungu. Alipona, namshukuru Mungu, lakini siku zile 6 bado ninazo.

Chipukizi:

Asanteni sana. Dada, nimesoma habari ya yule jike nikalia, na nimeamua kitu. Nitaomba nafasi ya msaidizi wa fildi kabla ya uzamili, na R nimeanza leo. Kaka Mchambuzi, nimekusikia. Kaka Mfuata Nyayo, pole kwa siku zile 6. Mama yangu nimempa simu akasome maneno yako mwenyewe. Hajasema kitu bado.

Dada, naomba nikuulize. Yule jike, ulimwona tena?

Mhesabu Viota:

Nilimwona. Tulikuwa tumemwekea chipu mwaka ule, hivyo mwaka uliofuata nilipita na kisomeo mkononi, kiota kwa kiota, kwenye kile kilima. Nilikuwa nimeikariri namba yake. Ilitokea hatua 3 kutoka kiota chake cha zamani. Dume alikuwa mwingine. Nilikaa juu ya jiwe mbali kidogo na sikumgusa, wala sikuruhusu mtu amguse msimu ule mzima. Januari makinda yote mawili yalijiunga na wenzao kwenye kundi la kulelewa, na Februari nilipohesabu kwa mara ya mwisho kiota kilikuwa kitupu kwa sababu nzuri.

Ukishaandika barua yako ya maombi, niletee hapa niisome kabla hujaituma. Eleza ndege uliowahi kuwatazama kwa muda mrefu, hata kama ni wa aina ya kawaida kabisa, na uandike uliona nini.